Mimba katika miaka 41: Mtoto apimwe au tusubiri azaliwe?

Zamani mwanamke aliyepata mimba baada ya miaka arobaini hakuwa kioja. Mama zetu walizaa mpaka uzazi ukakoma wenyewe, na kitinda mimba aghalabu alikuwa rika moja na wajukuu. Mama yangu mzazi, aliyetuzaa sisi wanane kule Machakos, alimpata wa mwisho akiwa na miaka 44, na kipimo cha pekee alichofanyiwa ni mkunga kumpapasa tumbo. Siku hizi mambo ni mengine. Mwanamke wa mjini akifika kliniki na miaka 35 au zaidi, kabla hajakaa vizuri kitini, huandikiwa kwenye kitabu chake kwamba umri wake ni mkubwa, kisha huulizwa swali ambalo wengi wetu hatulitarajii: Je, ungependa mtoto apimwe akiwa tumboni?

Nayaandika haya nikiwa na mimba ya wiki 34. Nina binti wa miaka 17, Mueni, na mvulana wa miaka 13. Kati ya huyo mvulana na huyu niliye naye tumboni pana mimba nyingine iliyoharibika nikiwa na miaka 38. Mimi si daktari wala muuguzi, ni karani tu. Nazungumza nawe kama mtu aliyeulizwa swali hilo, akapewa siku chache za kulijibu, na akagundua kwamba yeye na mumewe hawakuwa na jibu moja.

Tuanze na huo umri, maana hapo ndipo porojo za mitaani zinapoanzia. Mwanamume huendelea kutengeneza mbegu mpya karibu maisha yake yote, lakini mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Yai linalotunga mimba leo lina umri ule ule wa mwenye nalo. Kwa kawaida yai huleta kromosomu 23 na mbegu ya baba huleta 23 nyingine, jumla 46. Kromosomu ni vile vijiuzi vidogo ndani ya chembe za mwili vinavyobeba maagizo ya jinsi mtu atakavyoumbika. Yai lililokaa miaka mingi huweza kukosea hesabu wakati wa kujigawanya, mtoto akapata 47 badala ya 46. Ile ya ziada ikiwa ni ya namba 21, mtoto huzaliwa na hali iitwayo Down, kwa jina la daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866. Sababu yake haikujulikana mpaka mwaka 1959, wakati Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walipotangaza kwamba wameiona hiyo kromosomu ya ziada. Ndiyo maana siku ya kimataifa ya watu hawa huadhimishwa tarehe 21 mwezi wa 3: kromosomu ya 21, nakala 3.

Kwa hivyo hapana laana hapo, wala ugomvi na mama mkwe, wala zile tembe za kupanga uzazi ulizomeza ukiwa kijana. Nasema hivi kwa sababu yote matatu niliyasikia kwa masikio yangu, mawili yakiwa kutoka kwa watu waliosoma hadi chuo kikuu.

Sasa hesabu zenyewe. Kwa mama wa miaka 20, mtoto mmoja hivi katika kila 1,500 huzaliwa na hali ya Down. Kwa mama wa miaka 30 ni mmoja katika 900, wa miaka 35 mmoja katika 350, wa miaka 40 mmoja katika 100, na wa miaka 45 mmoja katika 30. Zisome tena kwa utulivu. Ni kweli kwamba hatari hupanda, na baada ya miaka 35 hupanda kwa kasi. Lakini ni kweli vile vile kwamba kati ya kina mama mia moja wa miaka 40, tisini na tisa watamzaa mtoto asiye na hali hiyo. Na jambo jingine ambalo watu hawalifikirii: watoto wengi wenye hali ya Down huzaliwa na kina mama wenye umri mdogo, kwa sababu hao ndio wanaozaa kwa wingi. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Vipimo ni vya aina mbili, na ningekuwa na uwezo ningeiambia kila kliniki iliandike jambo hili ukutani kwa herufi kubwa. Kuna vipimo vya kukadiria na vipimo vya kuthibitisha.

Kipimo cha kukadiria hakikwambii kwamba mtoto ana hali fulani au hana. Hukupa uwezekano tu. Kile cha kawaida hufanywa kati ya wiki ya 11 na mwisho wa wiki ya 13. Mama hupigwa skani ili kupima unene wa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, akatolewa damu kidogo mkononi, kisha majibu yakachanganywa na umri wake. Aliyechelewa anaweza kupimwa damu ya aina nyingine kati ya wiki ya 15 na ya 20, ingawa kipimo hicho hakina uhakika kama kile cha kwanza. Halafu kuna kipimo kipya zaidi, kilichoanza kutumiwa mahospitalini mwaka 2011, ambapo vipande vya vinasaba vya mimba hutafutwa katika damu ya mama kuanzia wiki ya 10. Hiki ni hodari: hugundua zaidi ya 99 kati ya kila watoto 100 wenye hali ya Down. Hata hivyo, nacho huweza kupiga kengele pasipo moto, na jibu lake baya halichukuliwi kuwa la mwisho mpaka lithibitishwe. Wengine hukikimbilia kwa sababu hutaja pia kama mtoto ni mvulana au msichana. Kwa bei yake, mimi naona hiyo ni gharama kubwa mno ya kuchagua rangi ya shuka.

Kipimo cha kuthibitisha ni sindano. Kuanzia wiki ya 15 daktari huipitisha tumboni, akitazama kwa skani, akachota kiasi kidogo cha maji yanayomzunguka mtoto. Mapema kidogo ya hapo, baina ya wiki ya 11 na ya 14, huweza kuchukua kipande kidogo cha kondo la nyuma. Majibu yake ni ya uhakika. Ila sindano hiyo huweza kuiharibu mimba. Zamani ilisemwa kwamba kati ya wanawake 200 wanaochomwa, mmoja hupoteza mimba kwa ajili ya sindano. Uchunguzi wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba kwa mtaalamu aliyezoea hatari ni chini ya hapo. Chini ya hapo, lakini si sifuri.

Umeona basi kwamba wakati ni mfupi. Na hapa sisi Wakenya tuna tatizo letu. Tumelelewa kwamba mimba haitangazwi. Mwanamke husubiri tumbo lijionyeshe lenyewe, ndipo aende kliniki, na pengine ni mwezi wa tano au wa sita. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mja mzito amwone mhudumu wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha. Mwanamke anayeanza kliniki mwezi wa sita huwa hana uamuzi wa kufanya juu ya vipimo vingi hivi, kwa sababu muda wake umekwisha pita.

Mimi nilikwenda wiki ya 9, kwa ajili ya ile mimba iliyoharibika. Wiki ya 12 nilipigwa skani na kutolewa damu. Sikufikiria sana, daktari alisema ni kawaida kwa umri wangu. Ijumaa moja alasiri nikaitwa kuchukua majibu katika hicho kituo cha kupimia damu. Muuguzi alinikuta katika ujia, watu wamejaa kwenye viti, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, 'Mama, yako imerudi pozitivu. Utaonana na daktari Jumatatu.'

Msomaji, wewe unajua neno hilo lina maana gani katika nchi yetu. Tangu ukimwi ulipogunduliwa hapa nchini mwaka 1984, mtu akiambiwa ni pozitivu hafikirii jambo jingine. Nilishika ukuta. Mwanamke aliyekuwa amekaa karibu nami alisogeza mkoba wake. Ilinibidi nitoke nje, nifungue bahasha juani, nisome mara tatu, ndipo nielewe kwamba karatasi ile haikuwa na habari ya ukimwi hata kidogo. Iliandikwa kwamba uwezekano wa mtoto wangu kuwa na hali ya Down ni mmoja katika 60, na kwamba hilo huhesabiwa kuwa hatari kubwa. Basi. Siku tatu nzima hatukuwa na mtu wa kutufafanulia. Muuguzi angetumia dakika mbili tu, mlango ukiwa umefungwa, kuniambia kwamba katika wanawake 60 wenye karatasi kama yangu, 59 watamzaa mtoto asiye na hali hiyo. Nasikia huko Uingereza mpaka wao ni mmoja katika 150. Akiwa na uwezekano mkubwa kuliko huo, mama huitwa akazungumziwa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Sioni kwa nini sisi tusiweze. Kuzungumza hakuhitaji mashine.

Nyumbani ndipo mambo yalipochacha. Baba Mueni ni mhasibu, mtu wa vitabu vyenye jumla chini. Alipoisoma karatasi alisema tu, 'Tufanye hiyo sindano.'

'Kwa nini?' nikamwuliza.

'Mama Mueni, mimi sipendi kushtukizwa.'

Nilikasirika, nikadhani anataka kumtupa mtoto. Sivyo. Usiku ule alinieleza jambo ambalo katika miaka 18 ya ndoa hakuwa ameligusia. Marehemu kaka yake alikuwa na mwana mwenye ulemavu. Wageni wakija, kijana yule alifungiwa chumba cha nyuma. Alifariki akiwa na miaka 11, hajawahi kuingia darasani hata siku moja. 'Hawakuwa watu wabaya,' Baba Mueni alisema. 'Hawakuwa wamejiandaa. Mimi nataka nijiandae.'

Nami nilikuwa na langu. 'Ile nyingine ilitoka bila kuguswa na sindano,' nikamwambia. 'Hii siiongezei.'

Tukalala tumepeana migongo. Nilimpigia mama simu asubuhi, nikitumaini atanipa nguvu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, 'Mwanangu, na huyo daktari akishajua, ana dawa?' Nilidhani ni swali la mtu wa zamani. Lakini Jumatatu daktari wetu, mzee wa makamo asiye na haraka, alituuliza karibu lile lile.

'Tuseme nimewachoma sindano,' alisema, 'na baada ya wiki mbili tatu nawaambia mtoto ana hali ya Down. Siku inayofuata mtafanya nini?'

'Tutajiandaa,' mume wangu akajibu.

'Mtajiandaaje?'

Baba Mueni akanyamaza.

Hapa lazima tuzungumze waziwazi, kwa maana wengi huzunguka jambo hili kama kuku azungukaye chungu cha moto. Katika nchi nyingi za ng'ambo vipimo hivi hufuatwa na uamuzi wa kuendelea na mimba au kuitoa. Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 26, hairuhusu mimba kutolewa isipokuwa pale ambapo mtaalamu wa afya aliyehitimu anaona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Hali ya mtoto, peke yake, haikutajwa. Nasi wenyewe, kwa imani yetu, hatukuwa na nia hiyo. Siwasemei wengine, kuna hali nyingine za kromosomu, za namba 18 na namba 13, ambazo watoto wengi hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na mzazi aliyepata karatasi yenye onyo la hayo ana mzigo tofauti kabisa na wangu. Karatasi yetu ilionyesha kwamba uwezekano wa hizo mbili ni mdogo sana. Lakini kama ilivyokuwa kwetu, swali la daktari lilibaki mezani: jibu tutalifanyia nini?

Daktari hakutuharakisha. Alitushauri tukamwone mzazi yeyote tunayemjua mwenye mtoto wa namna hiyo. Katika chama chetu cha akiba yuko mama mmoja wa Umoja ambaye binti yake ana miaka tisa. Tulikuwa tumechanga pamoja miaka minne, na siku zote nilikuwa nikimwuliza habari za biashara yake ya mitumba, za mtoto nikaogopa kuuliza. Tulikwenda Jumapili baada ya ibada.

Jambo la kwanza alilotuambia ni umri wake. Alimzaa binti huyo akiwa na miaka 26. Hakuna aliyemwambia kuhusu kipimo chochote, kwa kuwa hakuwa na umri wa kuogopewa. Mtoto alipozaliwa wakunga walinong'onezana, akaambiwa tu kwamba macho yake ni 'kama ya Kichina' na kwamba ataona mbele. Alilia miezi mitatu. Kisha akaacha, kwa maana mtoto alikuwa ameanza kucheka.

'Dada,' aliniambia, 'kama wangeniambia mapema kwamba ana Down, sijui kama ingenisaidia. Labda ningelia miezi tisa badala ya mitatu. Lakini moyo! Laiti mtu mmoja tu angeniambia habari ya moyo.'

Mtoto alikuwa akinyonya huku anatokwa na jasho usoni, akichoka kabla ya kushiba. Hakuongeza uzito. Mara tatu alitibiwa nimonia katika vituo viwili vya afya, akapona, ikarudi. Alikuwa na miezi saba wakati daktari mmoja kijana alipomwekea chombo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema moyo wake una tundu. Ndipo tukajua, mimi na Baba Mueni, jambo ambalo katika ile karatasi halikuandikwa popote: karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Nyingi zinaweza kurekebishwa, na si lazima mtu achange nauli ya India. Hapa Nairobi, Hospitali Kuu ya Kenyatta na ile ya Mater zimekuwa zikiwafanyia watoto upasuaji wa moyo kwa miaka mingi. Lakini mtoto hurekebishwa vizuri akijulikana mapema, kabla mapafu hayajaharibika. Matibabu ya moyo yamechangia sana maisha ya watu hawa kurefuka. Huko Marekani, mnamo mwaka 1983 mtu mwenye hali ya Down aliishi kwa wastani miaka 25 hivi; siku hizi ni karibu 60.

Binti mwenyewe aliingia na sahani ya njugu karanga, akaigawa kwa haki, moja moja, mpaka Baba Mueni akapata zake. Ana kovu refu kifuani, juu ya ukosi wa gauni. Anasoma katika kitengo maalum cha shule ya msingi ya serikali, anaandika jina lake, na kulingana na mama yake anazijua namba za matatu zote zinazopita barabara ya Outer Ring. Aliniangalia tumbo, akaliwekea kiganja. 'Iko mtoto?' akauliza. Nikamwambia yuko. 'Atoke,' akasema. Baba Mueni akacheka, na kwa kweli sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile Ijumaa. Baadaye alitoka nje na baba wa mtoto, wakazungumza muda mrefu. Alirudi na ukurasa mzima wa maandishi: gharama za kumfunza mtoto kusema, jinsi ya kumpeleka apimwe kwenye kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum ili apate shule, nauli, kila kitu. Nikaona kwamba matayarisho yale aliyoyataka hayakuhitaji sindano. Aliyapata kwa kuuliza.

Tukaamua hivi. Sindano, hapana. Kile kipimo cha vinasaba katika damu, hapana pia, kwa sababu bei tuliyotajiwa ilizidi karo ya muhula ya Mueni na jibu lake lisingebadilisha chochote tutakachofanya. Lakini skani ndefu ya wiki ya 20, ya kumtazama mtoto kiungo kwa kiungo, ndiyo; na baada yake skani ya moyo peke yake, ndiyo. Kwa nini hizo? Kwa sababu jibu lake lingeamua mahali nitakapojifungulia. Mtoto mwenye moyo mbovu hazaliwi katika zahanati ya mtaa halafu akaanza kutafutiwa gari usiku.

Sitakudanganya kwamba mume wangu alikubali kwa moyo mweupe. Alikubali kama mhasibu anavyoikubali hesabu ambayo risiti moja imekosekana. Mpaka leo nadhani yeye angelala vizuri zaidi kama angejua, na simlaumu. Wako wazazi ambao kujua, hata jibu likiwa zito, huwaondolea mzigo. Hao sindano inawafaa, na asiwepo wa kuwaambia hawana imani. Rafiki yangu mmoja wa miaka 39 alichomwa, jibu likaja zuri, akanenepa. Mwingine angekosa usingizi kwa wiki hizo tatu za kungoja na pengine baada ya hapo pia.

Wiki ya 22 mtaalamu wa skani alitugeuzia kioo, akatuonyesha vyumba vinne vya moyo vikifunguka na kufumba kama ngumi ya mtoto. Hakuona tundu. Alituonya kwamba tundu dogo huweza kujificha, na kwamba kuuona moyo mzuri si sawa na kusema mtoto hana hali ya Down. Tulielewa. Hata hivyo tumejiandikisha katika hospitali yenye chumba cha watoto wachanga wanaohitaji uangalizi, na daktari wa watoto atausikiliza moyo wake kabla hatujaenda nyumbani.

Ila kuna jambo moja nataka ulishike, wewe dada yangu uliye na miaka 37 au 42 na unasoma haya huku umeficha habari yako. Wakati sisi tulipokuwa tukigombana juu ya kromosomu, daktari wetu alikuwa na wasiwasi wa jambo jingine kabisa: presha. Mimba ya umri mkubwa huleta presha na kisukari cha mimba mara nyingi zaidi kuliko inavyoleta hali ya Down. Tangu wiki ya 13 amenipa aspirini ya kiasi kidogo kila usiku, kwa sababu kwa mama aliye hatarini hupunguza uwezekano wa kupata kifafa cha mimba. (Usijinunulie dukani, muulize wako kwanza.) Wiki ya 26 nilinyweshwa maji ya sukari na kupimwa, sukari ilikuwa sawa. Lakini wiki ya 31 presha ilipanda hadi 150 juu ya 95, na tangu hapo ninameza dawa nyingine. Iligunduliwa na kile kitambaa cha kufungwa mkononi, kipimo cha bei rahisi kuliko vyote nilivyotaja, ambacho hata zahanati ya mtaani inacho. Kichwa kikikuuma sana, ukiona vimulimuli machoni, uso ukavimba ghafla au ukapata maumivu chini ya mbavu, usingoje siku yako ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

Mueni, ambaye yuko kidato cha nne na tulidhani hasikilizi, alinijia jikoni mwezi uliopita. 'Mama,' akasema, 'mkizeeka wewe na baba, na kama huyu mtoto anahitaji mtu, ni mimi?'

Sikuwa nimelitarajia. Mtoto huyu akifikisha miaka 20, mimi nitakuwa na 61 na baba yake 67, awe na kromosomu 46 au 47. Hilo halikuhitaji maabara, na katika miezi yote ile ya karatasi na skani hatukuwa tumelizungumza. Nilimwambia Mueni kwamba hapana, si yeye, ana maisha yake. Akanitazama kama mtu asiyeamini. Jioni nilimweleza Baba Mueni. Alikaa kimya, kisha akaleta daftari lake la hesabu, tukaanza na kile kipande cha shamba cha Machakos, tukafuata akiba ya chama na bima yake ya kazini. Hatujamaliza. Amesema atazungumza na ndugu zake wawili waliobaki, na Mueni awepo asikie.

Alhamisi ijayo nina kliniki. Kama presha itakuwa imetulia, daktari ataniacha nifike wiki ya 37 au zaidi. Isipotulia, atamtoa mtoto mapema. Baba Mueni ameomba ruhusa kazini ili safari hii tuende pamoja.